Minara ya San Gimignano

Leo twende pamoja hadi nchi ya Italia, tupande kilima chenye mji mdogo uitwao San Gimignano, upande wa Toscana. Mahujaji waendao Roma walipitia hapo, na wenyeji wakatajirika kwa biashara, hasa ya zafarani. Kuanzia mwaka wa 1199 walijitawala wenyewe.

Basi jamaa za matajiri zikaanza kushindana kwa kujenga minara ya mawe. Yasemekana ilifika 72, katika mji ambao twaweza kuuvuka kwa miguu kabla ya sufuria kuchemka! Ndani ilikuwa myembamba, yenye giza. Kwa kulala haikufaa sana. Kwa kujivuna ilifaa, na kwa kujificha siku ya vita. Mwaka wa 1255 ilikatazwa mtu yeyote kujenga mnara kupita ule wa serikali, wa mita 51 hivi. Jamaa ya Salvucci wakajenga miwili bega kwa bega. Ardinghelli nao wakajenga miwili.

Tauni ya mwaka wa 1348 iliua watu wengi sana, lakini haikuua uhasama huo. Mwaka wa 1352 ndugu wawili wa Ardinghelli walikatwa vichwa kwa uchochezi wa Salvucci, na jamaa yao wakalipiza kisasi. Mwaka wa 1353 wenyeji, wamechoka, waliutia mji wao chini ya Florence. Uhuru wa miaka 150 na zaidi ukaisha hivyo.

Minara 14 hivi ingali imesimama, ya Salvucci na ya Ardinghelli ikiwamo.