Thamani ya Kamera na Thamani ya Picha: Kutoka Tokyo hadi Luofu

Makala haya yanachunguza swali moja: chombo kilichoundwa ili kifanye kazi hupataje bei kubwa baada ya kazi yake kwisha? Mfano ni kamera za Kijapani za kupimia umbali. Katika kamera hizo mpigapicha huchungulia kidirishani, huona sura mbili za kitu kimoja, kisha huzungusha lenzi mpaka sura hizo zilaliane.

Canon ya kwanza iliuzwa mwaka 1936, ikiwa na lenzi ya kampuni ya Nippon Kogaku. Mwaka 1948 kampuni hiyo ilitoa kamera yake yenyewe, Nikon. Picha yake ilikuwa ya milimita 24 kwa 32, badala ya 24 kwa 36, ili filamu moja itoe picha nyingi zaidi. Kipimo hicho hakikulingana na fremu za slaidi za Marekani, na mamlaka ya Wamarekani waliokuwa wameikalia Japani iliikataa kamera hiyo kama bidhaa ya kusafirishwa nje. Zikatengenezwa mia chache tu. Kasoro iliyoiangusha sokoni ndiyo inayoipandisha mnadani leo.

Mwaka 1950 David Douglas Duncan wa jarida la Life alikwenda na lenzi za Nikkor katika vita vya Korea, na sifa zake zikaenea. Lakini Nikon F ya 1959, yenye kioo ndani, iliwavuta wapigapicha wa habari. Hata hivyo, mwaka 2005 Nikon iliunda upya kamera 2,500 za aina ya SP, iliyotoka kwanza mwaka 1957, kwa ajili ya wakusanyaji. Kinyume chake, Canonet ya 1961 na Yashica Electro 35 ya 1966 ziliuzwa kwa wingi. Kwa hiyo bei yake ni ndogo, ingawa picha zake ni nzuri. Ni dhahiri basi kwamba mkusanyaji hulipia uhaba na hadithi. Kamera isiyowahi kutumika humzidi bei dada yake iliyoshuhudia arusi na mazishi ya kijiji kizima.

Luofu, kusini mwa Lubero, mizani hiyo hugeuka. Kiswahili cha Kongo husema foto, neno la Kifaransa, pale pwani isemapo picha, neno la Kiingereza. Kote wawili hao huandamana na kitenzi kupiga. Kinachobaki mikononi mwa watu ni foto, si kamera. Mnamo Aprili 2009 wapiganaji wa FDLR waliteketeza nyumba nyingi za Luofu. Juni 2024 vita vya M23 vilifika Kanyabayonga jirani. Nyumba ikiungua, foto zilizomo huungua nayo, na hakuna mnada unaozirudisha.

Mkenya Priya Ramrakha aliuawa akipiga picha vita vya Biafra mwaka 1968. Sehemu kubwa ya kazi yake ilipatikana miongo kadhaa baadaye katika gereji mjini Nairobi, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 2018. Urithi huo uliokolewa na watu waliozitafuta picha, wala si kamera. Vyuo vikuu vya Butembo vingeweza kufanya vivyo hivyo: kukusanya foto na filamu zilizosafishwa, pamoja na majina ya waliomo, wakati wenye kuwatambua bado wapo.