Gololi, Kadari na Mkono: Tarikhi ya Mchezo wa Pinboli

Wako watu wengi katika Kasese na Bwera ambao, ukiwauliza habari za mchezo uitwao pinboli, watakujibu kwamba hawajapata hata kulisikia jina lake, ilhali vidole vyao vinaujua tangu zamani. Kwani aliyewahi kuketi mbele ya kompyuta yenye programu ya Windows XP, iwe ofisini, shuleni au katika duka la intaneti, akamaliza kuandika barua yake na kubakiwa na dakika chache alizokwisha kuzilipia, aghalabu hakosi kuikumbuka ile meza yenye picha ya anga iliyoitwa Space Cadet, na ile gololi ya fedha iliyorushwa juu ikagonga huku na huku, na vile vikasia viwili vya chini ambavyo kimoja kilipigwa kwa herufi ya Z na kingine kwa kitufe cha mkwaju upande wa pili. Nataka kuieleza tarikhi ya mchezo huu kwa kirefu kidogo, maana ndani yake mna hoja iliyowashughulisha mafundi, mameya na madiwani kwa miaka mingi, nayo ni hii: gololi inapoteremka mezani, ni nani aiongozaye, kadari au mkono wa mchezaji?

Asili yake ni Ufaransa katika karne ya 18, ambako wakubwa waliopenda michezo ya kusukuma mipira nyasini waliipandisha michezo hiyo juu ya meza, wakapigilia misumari na kutoboa mashimo, wakawa wanasukuma gololi kwa fimbo na kungojea ianguke penye thamani. Mchezo huo ukapata jina la Bagatelle, ambalo ndilo jina la kasri dogo alilolijenga Comte d'Artois, nduguye Mfalme Louis XVI, karibu na Paris mwaka 1777, na ambamo, kama isimuliwavyo, mfalme na Malkia Marie Antoinette walifanyiwa karamu na kuonyeshwa meza yenyewe. Hayo ni mambo ya wafalme, nami sitayakawilia. Jambo kubwa lilitokea Cincinnati, Marekani, mwaka 1871, pale Mwingereza mmoja aliyehamia huko, Montague Redgrave, alipopewa hataza kwa maboresho yake ya bagatelle, ambayo kubwa lao lilikuwa kuiondoa fimbo na kuweka mahali pake kijiti chenye kamani, ukikivuta na kukiachia kinairusha gololi mpaka kileleni mwa meza, kisha inashuka peke yake kati ya misumari. Tangu siku hiyo kazi ya mkono ikawa moja tu, kuvuta, na yaliyobaki yakaachiwa misumari.

Mchezo huu ulipata soko lake wakati wa dhiki. Mwaka 1931, biashara ya Marekani ilipokuwa imeanguka na watu wakizunguka mijini bila ya kazi, David Gottlieb wa Chicago alitoa kimeza kidogo cha kuwekwa juu ya kaunta, kilichoitwa Baffle Ball, ambacho aliyetia senti moja alipewa gololi kadhaa za kujipumbazia. Vimeza hivyo viliuzwa zaidi ya 50,000, na haja ya watu ikawa kubwa kupita uwezo wa kiwanda, hata mmoja wa wauzaji wake, Raymond Moloney, aliyekosa mzigo wa kuwapelekea wateja, akatengeneza chake mwenyewe mwaka uliofuata, akakiita Ballyhoo, na kampuni yake ikaitwa Bally kwa sababu hiyo. Wachezaji nao hawakukubali kukaa kama watazamaji wa bahati yao. Walizipiga meza kwa viganja, wakaziinua miguu, wakazitikisa ili gololi ielekee watakako, na fundi Harry Williams akabuni kinga ya hila hizo, ambayo baadaye ikawa ni timazi ndogo inayoning'inia ndani ya pete ya chuma, meza ikitikiswa kupita kiasi timazi hugusa pete na mchezo unakatika. Mimi naiona kinga hiyo kuwa ushahidi mkubwa, kwa kuwa mtu hatii kufuli pasipo mwizi: mkono ulikuwa ukiutafuta mlango wa kuingilia.

Lakini serikali za miji hazikuuona mkono. Ziliona senti tu. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliihesabu pinboli kuwa ni kamari tupu inayopora fedha za watoto na kuwanenepesha majambazi, na mwezi wa Januari 1942 ikapigwa marufuku mjini humo. Polisi wakavamia maduka na vilabu, meza zikakusanywa kwa maelfu, na meya mwenyewe akapigwa picha ameshika nyundo kubwa akizivunja, kisha mabaki yakatupwa majini. Chicago, ambako ndiko zilikotengenezwa, nako zilikatazwa. Hatuna haki ya kumcheka La Guardia, maana meza alizozivunja hazikuwa na vikasia, na wengine walizichezea fedha kwa kweli.

Vikasia vilikuja miaka mitano baadaye. Mwaka 1947 Harry Mabs, fundi wa Gottlieb, aliweka katika meza iitwayo Humpty Dumpty vikasia sita vya umeme pembeni, ambavyo mchezaji alivipiga kwa vitufe na kuirudisha juu gololi iliyokwisha kukata tamaa, na mwaka uliofuata Steve Kordek wa kampuni ya Genco akaona kwamba sita ni israfu, akaweka viwili tu chini kabisa ya meza, kushoto na kulia, na umbo hilo ndilo lililobaki mpaka leo. Hapo mchezo ukabadilika tabia yake yote: gololi bado ilianguka kwa uzito wake, lakini mwisho wa anguko ulikutana na mtu.

Sheria ya New York haikujali. Ilikaa pale pale kwa miaka 34, mpaka mwaka 1976 ambapo mwandishi kijana, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya kamati ya madiwani athibitishe kwamba mchezo huu ni wa ustadi. Diwani mmoja, akishuku kuwa meza iliyoandaliwa imefanyiwa hila, alidai Sharpe achezee ile ya akiba. Sharpe akacheza, na alipoona nyuso hazijalegea, akanyoosha kidole akataja kwa sauti njia ambayo gololi itapita, akavuta kijiti cha kamani, akakiachia, na gololi ikapita hapo hapo. Marufuku ikaondolewa. Kinachonichekesha ni kwamba Sharpe mwenyewe alikiri baadaye kuwa katika mvuto ule bahati nayo ilikuwa na fungu lake; basi mchezo wa ustadi ulipata uhalali wake kwa msaada wa bahati, na hata kijiti alichokivuta kilikuwa kile kile cha Redgrave, si vikasia.

Hoja hii si ya mbali nasi. Anayepita katika vituo vyetu vya biashara, toka mji wa Kasese hata mpakani Mpondwe, anazijua mashine za sloti zinazomeza sarafu katika vibanda vya giza, ambazo picha za matunda huzunguka na kusimama kwa amri ya kifaa kilichomo ndani, wala mkono wa mchezaji hauna kazi isipokuwa kutoa fedha na kubonyeza. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza asiyetimiza miaka 25 kucheza kamari katika Uganda, na mashine zisizo na leseni zimekuwa zikikamatwa na kuharibiwa, kama zilivyofanywa zile za New York. Tofauti ni kwamba hapa nyundo, kwa maoni yangu, imepiga mahali pake.

Turudi katika kompyuta. Mwaka 1983 Bill Budge alitoa programu iliyomwezesha mtu kuijenga meza yake mwenyewe ya pinboli katika kioo cha kompyuta, na mwaka 1995 ikatoka Space Cadet, ambayo Microsoft iliipeleka duniani pamoja na programu zake hata ikafika katika maduka yetu ya intaneti pasipo mtu kuiagiza. Ilitoweka kwa sababu ya ajabu: mafundi walipokuwa wakiihamishia katika mfumo mpya wa biti 64, hesabu za kugongana ziliharibika, gololi ikawa inapenya kijiti cha kamani na kuanguka nje ya meza kabla ya mchezo kuanza, na kwa kuwa hawakuweza kuuona ugonjwa ulipo, waliiacha. Kwa hiyo walionunua Windows Vista hawakuikuta.

Wakati huo huo wako waliojiuliza kwa nini gololi ifungiwe katika meza moja. Wajapani wa kampuni ya Jaleco walikwisha kujaribu mwaka 1989 kwa Pinball Quest, ambamo gololi ilipigana na kupanda ngazi kama shujaa wa hadithi; na mchezo wa Metroid, uliotolewa na Nintendo mwaka 1986, ulikuwa umeanzisha aina ya michezo ya kuvumbua nchi pana, ambayo mchezaji hurudi katika njia za zamani kila apatapo uwezo mpya wa kufungua mlango uliomshinda. Aina hizo mbili zilikutanishwa kwa uzuri zaidi na kampuni ndogo ya Malmö, nchini Sweden, iitwayo Villa Gorilla, iliyoasisiwa na Jens Andersson na Mattias Snygg, ambayo tarehe 29 Mei 2018 ilitoa Yoku's Island Express, na mwaka uliofuata mchezo huo ukapewa tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa kazi ya kwanza ya watungaji wake.

Yoku ni mbawakawa, wa jamii ile inayoviringisha tonge la kinyesi, amefungwa kwa kamba na gololi yake nyeupe, naye amefika katika kisiwa cha Mokumana kushika kazi ya bwana posta. Kwetu sisi tunaokaa kando ya Mbuga ya Queen Elizabeth, iliyotengwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina la malkia mwaka 1954, mdudu huyu si kichekesho. Kila palipopita tembo, mbawakawa huyu huonekana akirudi kinyumenyume na tonge lake barabarani. Wala sijui kama ni sadfa, lakini katika chuo kikuu cha Lund, karibu sana na Malmö, ndiko anakofundisha Marie Dacke, ambaye mwaka 2013 yeye na wenzake walithibitisha, kwa majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, kwamba mbawakawa hawa hunyoosha njia yao usiku kwa kuutazama mkanda wa nyota uitwao Njia ya Maziwa.

Mimi niliuona mchezo wa Yoku katika kompyuta ya kijana wa jirani aliyekuja likizo Bugoye, ambako umeme tunaojivunia, wa kituo cha megawati 13 kilichoanza kazi mwaka 2009 kwa maji ya mto Mubuku, hukatika kama unavyokatika kwingine. Kinachomshangaza mgeni kwanza ni kwamba Yoku hawezi kuruka. Anatembea kushoto, anatembea kulia, akifika penye kilima inambidi asimame juu ya kikasia kilichopandwa ardhini, na mchezaji akibonyeza, mdudu na gololi yake hurushwa juu. Rangi ya kikasia humjulisha ni kitufe kipi. Hivyo kisiwa kizima, msitu, pwani, theluji na mapango, kimekuwa meza moja isiyo na kioo, na ujuzi wa kurusha gololi ndio ujuzi wa kutembea. Matunda yanayookotwa njiani hulipia vikasia vipya. Tarumbeta ya sherehe huwaamsha waliolala. Konokono wasio na magamba hunyonywa wakapasuka na kuvunja miamba. Barua na vifurushi hupelekwa, na wakuu watatu wa kisiwa huitwa waje kumponya mungu wao aliyejeruhiwa.

Lakini lililonipendeza kuliko yote ni kuondolewa kwa adhabu. Katika meza za Chicago gololi iliyopita kati ya vikasia ilikuwa imepotea, na kupotea kwake ndiko kulikomleta mwenye mashine senti nyingine. Katika Mokumana aangukaye huangukia miiba, hupoteza matunda machache, na kurushwa tena. Wapo watakaosema mchezo usio na kifo ni wa watoto. Mimi nasema biashara ya senti ndiyo iliyoutaka ule mwisho, na hapa mfuko wa sarafu haupo, basi kuteremka kumekuwa njia kama njia nyingine, na mara nyingi aliyekosea shabaha huangukia pango ambalo asingelikuta kwa kupatia.

Kasoro yake ni masafa. Njia za mkato za kumrusha mbawakawa toka pembe moja ya kisiwa hata nyingine hufunguka zimekwisha kuchelewa, na kabla ya hapo mchezaji atakuwa ameupanda mlima ule ule tena na tena kwa ajili ya kifurushi kimoja; wapagazi wa Nyakalengija, wanaobebea wageni mizigo kuelekea vilele vya Rwenzori, watamwonea huruma, ijapokuwa wao hulipwa kwa shilingi na si kwa matunda.