Ndege Waliomtupa Ninja Shimoni

Mwaka 1988 kampuni ya Tecmo ya Japani ilitoa gemu mbili zenye jina moja, Ninja Gaiden. Ya kwanza iliwekwa kwenye kumbi za michezo, ndani ya masanduku yanayomeza sarafu. Mchezaji aliposhindwa, skrini ilimwonyesha ninja wake amelazwa chali na kufungwa, msumeno wa duara ukimshukia taratibu huku sekunde zikiyoyoma. Akitumbukiza sarafu, ninja anaokoka. Sijaona picha inayoeleza biashara ya kumbi zile waziwazi kuliko hiyo. Mchezaji asiyekufa alikuwa hasara, na maadui walitengenezwa kwa hesabu hiyo.

Ya pili ilitoka Desemba kwa ajili ya Famicom, mashine ya nyumbani. Hideo Yoshizawa na wenzake waliisuka kama filamu: kati ya hatua na hatua, visa vinamsimulia kijana Ryu Hayabusa anayekwenda Marekani baada ya baba yake kutoweka katika pambano. Sarafu haikuhitajika tena, kwa kuwa mchezaji alikwisha kulipa dukani. Hata hivyo ukali wa kumbini ulihamia sebuleni pamoja na jina.

Waliocheza wanawakumbuka ndege kuliko majoka na mashetani wote. Ndege anachomoza ukingoni mwa skrini wakati Ryu yuko hewani, anaruka toka jukwaa moja kwenda jingine. Pigo lenyewe si kubwa. Balaa ni kwamba kila anayeguswa hurushwa nyuma, na nyuma pana shimo. Kampuni ya Konami ilikuwa imekwisha kutumia mbinu hiyo mwaka 1986 katika gemu ya Castlevania, kwa vichwa vya Medusa vinavyopaa kwa mawimbi. Tecmo waliongeza jambo baya zaidi. Adui akishauawa, ukirudi nyuma hatua chache tu, anazaliwa upya palepale alipotokea mwanzo. Kusita kidogo, kujipanga kabla ya kuruka, ambako popote pengine ni busara, hapa kuliadhibiwa.

Kisha kuna bosi wa mwisho. Ukifia mbele yake unarudishwa hadi mwanzo wa sura ya sita, uwapite tena ndege wale wale. Waundaji waliacha huruma moja: kuna mabosi watatu mfululizo, na uliyekwisha kumwua harudi. Bosi mwenyewe anafundishika, kwa maana miendo yake inasomeka ukipewa muda wa kumtazama. Tatizo ni njia ndefu ya kumrudia, inayokula muda huo wote.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 2004, Tomonobu Itagaki na kikosi chake cha Team Ninja waliliamsha jina hilo kwenye Xbox. Mwisho wa sura ya kwanza anasimama mzee Murai na nunchaku zake, na hapo wengi waliweka pedi chini. Mimi namtetea Murai. Anayebonyeza vitufe ovyo anapigwa, anayekinga bila kukoma anakamatwa na kutupwa. Lakini kila shambulio lake linaonekana kabla halijafika, na chumba hakina shimo. Mchezaji akifa anajua kosa lake.

Gemu hiyohiyo ina samaki mizimu, makundi ya viumbe wadogo wanaomng'ang'ania Ryu na kumng'ata kutoka kila upande, kamera ikishindwa kuwaonyesha wote. Hao ndio warithi wa ndege.

Mwaka 2005, katika toleo jipya la gemu hiyo, Ninja Gaiden Black, aliyekufa mara kadhaa mwanzoni alipewa ngazi nyepesi, lakini iliitwa Ninja Dog, na Ryu akavishwa utepe wa aibu. Msaada unaotolewa pamoja na tusi hauna ulazima wowote, na unasikitisha zaidi ukitoka kwa watu walioweza kumbuni Murai.

Ninja Gaiden II ya 2008 iliwachanganya maadui wa aina zote mbili, wanaosomeka kama Murai na wasioonekana kama samaki wale. Adui aliyekatwa mkono au mguu hakomi kupigana. Anajikokota amkumbatie Ryu na kujilipua, na mchezaji anayemwona ana nafasi ya kummaliza kabla hajafika. Papo hapo makombora yanaruka kutoka nje ya skrini, yakirushwa na maadui ambao kamera haikuwaonyesha.