Betri ya Pili katika Nyumba ya Magurudumu

Mwaka 1885, tabibu na mwandishi William Gordon Stables aliposafiri kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness ndani ya Wanderer, gari lake la kulala lililokokotwa na farasi, umeme haukuwa na nafasi katika safari ya namna hiyo, ijapokuwa Mfaransa Gaston Planté alikwisha kuvumbua betri ya risasi na tindikali tangu mwaka 1859.

Mambo yaligeuka mwaka 1912, Cadillac ilipoyatia magari yake mota ya kuwashia injini. Tangu hapo betri ikawa sahibu wa lazima wa dereva, na msafiri alalaye nyikani akapata hofu ya haki, kwamba taa za usiku zingeinyonya hata alfajiri injini isiitike.

Dawa yake ilikuwa kugawanya kazi. Betri ya injini ina sahani nyembamba nyingi, zitoazo nguvu kubwa kwa nukta chache. Ile ya matumizi ya ndani ina sahani nene, zistahimilizo kutumiwa taratibu na kuchajiwa tena na tena. Rilei, yaani swichi iendeshwayo kwa umeme, huziunganisha betri hizo mbili injini ingurumapo, na kuzitenga izimwapo.

Na kwa kuwa betri ya risasi hudhurika ikishushwa mno chini ya nusu, wapendao kukaa siku nyingi mbali na nguzo za umeme huongeza ya pili iliyo sawa na ile ya ndani kwa aina, ukubwa na umri: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, volti zikibaki 12 na akiba ikizidi maradufu. Uhuru wa msafiri, kwa hakika, hupimwa kwa akiba yake.