Wacheza Raga Wawili wa Mwaka 1916 na Winga Wetu wa Kushoto

Mwana-Kaole anayerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ile inayotutoa mjini kuelekea Bagamoyo, hupita ubavuni mwa makaburi ya vita. Wengi wetu tumepita hapo mara mamia, tukiwa tumeshika bomba kwenye daladala au tumekwama kwenye foleni, bila kugeuza shingo. Nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, na karibu kila jiwe lina jina la mtu na tarehe aliyofariki.

Katika mawe hayo yamo mawili ya wachezaji wa raga, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaokimbizwa mikononi. Mmoja ni Jackie Morkel, mwingine ni Gerald Thompson, aliyeitwa Tommy na wenzake. Wote wawili walichezea klabu ya Somerset West, mji mdogo karibu na Cape Town, na wote walikuwa kwenye timu ya taifa ya Afrika Kusini iliyokwenda Ulaya mwaka 1912. Vita ikawaleta huku kwetu, na mwaka 1916 wakafa katika nchi hii, wakipishana kwa wiki tano tu. Mji mmoja mdogo ulipoteza wachezaji wawili wa taifa, na wote wawili wamelala njia ya kwetu.

Naandika habari zao katika kijitabu cha harambee ya Kaole kwa sababu ya kihasibu, na nitaifikia. Kwanza wasomaji wawajue vijana wenyewe.

Ziara ile ya 1912 na 1913 Waafrika Kusini wanaisimulia mpaka leo. Timu ilicheza mechi tano za kimataifa na ikashinda zote: Uskochi 16 kwa 0, Ireland 38 kwa 0, Wales 3 kwa 0, Uingereza 9 kwa 3, na Ufaransa 38 kwa 5. Ukoo wa Morkel peke yake ulitoa wachezaji wanne katika safari hiyo, na Jackie alikuwa pamoja na ndugu yake wa tumbo moja, Gerhard. Jackie alicheza katikati, nyuma ya wale wanene wanaosukumana, akisubiri mpira utoke ili akimbie nao. Kule Dublin, siku waliyowafunga Ireland, alivuka mstari mara mbili na kuuweka mpira chini, jambo ambalo katika raga ndilo lenye thamani kuliko yote. Thompson yeye alikuwa mmoja wa hao wanene wa mbele. Alicheza dhidi ya Uskochi, Ireland na Wales. Kazi ya mtu wa mbele haionekani sana na mtazamaji, lakini bila yeye mpira haumfikii yule wa kukimbia. Wanaojua kandanda watamfananisha na kiungo mkabaji.

Vita Kuu ilianza mwaka 1914. Mapema mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alikuja na majeshi ya Afrika Kusini kuwasaidia Waingereza kuwatoa Wajerumani katika nchi hii. Morkel alikuwa na vikosi vya farasi vya Jenerali van Deventer, vilivyofika Kondoa Irangi mwezi Aprili. Mvua zikawafungia huko. Njia ziligeuka tope, chakula hakikufika, mbung'o na magonjwa vikamaliza farasi, na wanaume wakaugua malaria na kuhara damu. Katika vita ile ya huku kwetu maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Mtu aliyekimbia Dublin asikamatwe na yeyote alikufa kwa kuhara damu tarehe 15 Mei 1916, akiwa na miaka 25.

Thompson alikuwa upande wa pili, na askari wa miguu wa Kikosi cha 5 cha Afrika Kusini, walioteremka kufuata Mto Pangani wakiingia Handeni. Handeni ilichukuliwa tarehe 19 Juni. Kesho yake, mahali panapoitwa Kangata, maili chache kusini ya Handeni, kikosi chake kiliingia porini na kukuta Wajerumani na askari wao wamejichimbia. Vichaka vya pale ni kama hivi vyetu vya Miono na Mkange, huoni hatua kumi mbele. Thompson aliuawa siku hiyo, naye akiwa na miaka 29. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Agosti, manowari za Waingereza ziliupiga Bagamoyo na askari wao wakashuka pwani. Dar es Salaam iliingia mikononi mwao tarehe 4 Septemba.

Tuzitazame tarehe hizo. Morkel na Thompson walipokufa, Dar es Salaam ilikuwa bado ya Wajerumani. Kwa hiyo hawakuzikwa hapo kwanza. Walizikwa bara, karibu na walikofia, na baadaye wakaletwa. Makaburi yale ya barabarani yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya askari yaliyokuwa Ocean Road yalipohamishwa kupisha ujenzi wa barabara. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakaongezwa mengine yapatayo elfu moja, yaliyokusanywa kutoka pande mbalimbali za Tanzania ambako ilikuwa vigumu kuyatunza. Fikirieni kazi hiyo. Zaidi ya nusu karne imepita, serikali zimebadilika, walioshuhudia maziko wengi hawapo, na bado mtu anaweza kufukua kaburi bara, akalileta pwani na kuliwekea jina lake sawasawa. Liliwezekana kwa sababu tangu siku ya kwanza kulikuwa na daftari. Aliyezikwa aliandikwa jina, namba, kikosi, tarehe na mahali.

Sisi watu wa hesabu tunaliita hilo kumbukumbu inayokaguliwa. Mtu yeyote akija baada ya miaka hamsini anafuata mstari mpaka anafika.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya ukaguzi na mwenzetu mmoja kutoka Afrika Kusini, mtu mzima, mwenye maneno machache. Siku ya mwisho nilidhani atataka kwenda Mwenge kununua vinyago. Akaomba nimpeleke makaburini. Alitembea kwenye mistari mpaka akawapata wote wawili, akavua kofia, kisha akaanza kunihadithia mechi za 1912 kana kwamba alikuwepo: nani alimpa nani mpira, uwanja gani ulikuwa na matope. Hakuwahi kuwaona. Hata baba yake hakuwahi kuwaona. Alizipata habari zao kwa mashabiki waliotangulia, nao walizipata kwa waliotangulia wao. Katika raga wameorodheshwa wachezaji wa kimataifa zaidi ya 100 waliokufa katika vita ile, kutoka nchi zote zilizocheza mchezo huo, na kila mwaka wapo wanaoyasoma majina hayo kwa sauti.

Nikamuuliza, je, na Mwafrika mweusi angeweza kuivaa jezi ile? Akacheka bila furaha. Mweusi wa kwanza kuivaa alikuwa Errol Tobias, mwaka 1981. Basi tuwaombolezee Morkel na Thompson, maana walikuwa vijana na walikufa mbali na mama zao, lakini tusisahau kwamba daftari lile lililowatunza vizuri hivyo halikuandikiwa kila mtu.

Nani aliyempelekea Morkel unga kule Kondoa? Wapagazi. Jeshi la Waingereza liliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja katika vita ya Afrika Mashariki, na wa upande wa Wajerumani walikuwa makundi kwa makundi. Hesabu za serikali yenyewe zilikiri kwamba waliokufa kwa njaa, homa na kuhara ni makumi ya maelfu. Pwani yetu ilizoea kazi ya upagazi tangu enzi za misafara ya pembe, Bagamoyo ikiwa ndiyo kituo cha kutua mizigo, kwa hiyo walioitafuta mikono ya kubeba walijua pa kuipata. Jina la Kariakoo tulilonalo mdomoni kila siku limetokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Soko tunalo, majina ya watu hatuna.

Mishahara yao ilihesabiwa. Baada ya vita fedha za wapagazi waliokufa, ambazo hakuna ndugu aliyejitokeza kuzidai, zilibaki vitabuni. Serikali za Kenya na Tanganyika ziliomba zitumike kwa manufaa ya Waafrika, London ikakataa. Kwa mhasibu hii ndiyo sura mbaya kuliko zote katika habari hii. Senti zilijulikana, mwenye senti hakujulikana.

Nendeni mkaitazame sanamu ya Askari pale Samora na Azikiwe, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yamo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yanaahidi kwamba watoto wa waliokufa watayakumbuka majina ya baba zao. Zunguka sanamu nzima. Hutapata jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika wengi hawakupewa heshima sawa na wengine, na ikaomba radhi. Januari 2025 ikazindua ukumbusho mjini Cape Town wenye majina ya wafanyakazi weusi wa kijeshi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hiyo hapa Afrika bila kaburi linalojulikana. Majina hayo yalipatikanaje baada ya miaka mia moja? Vilikutwa vitabu vya zamani vya kumbukumbu, vimeandikwa kwa mkono, vimekaa kwenye rafu. Daftari tena.

Sasa turudi kwetu. Kaole haina upungufu wa kukumbuka. Watalii hulipa kiingilio kuja kutazama makaburi yetu ya nguzo na misikiti miwili ya mawe, ambayo wataalamu wanairudisha nyuma hadi karne ya 13. Tunawaonyesha kaburi la Sharifa na watu bado wanakwenda kuomba dua. Lakini habari za juzi, za watu ambao mama zetu walisoma nao, tumeziacha mdomoni.

Tangu utoto nimesikia sifa za winga wa kushoto wa miaka ya 1970. Wanasema alikuwa mwembamba, anacheza peku, na mpira ukimfikia upande wa minazi watu walisimama kabla hajaugusa mara ya pili. Watoto walimfuata kutoka uwanjani mpaka kwao. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Oktoba 1978, na Mwalimu akatangaza vita mwezi uliofuata, vijana wengi walijiunga, wengine wakitokea JKT na mgambo. Winga yule akaondoka nao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, walionusurika wakaanza kurudi, yeye hakurudi.

Nimewauliza wazee watatu jina lake. Nimepata majina matatu. Mmoja anasema alikuwa mtu wa Kaole hasa, wa pili anamrudisha Mlingotini, wa tatu anasema wazazi wake walihamia kutoka Mafia. Wote watatu wanakubaliana juu ya bao moja alilofunga dhidi ya timu ya mjini, na kila mmoja alisimama kutoka kwenye mkeka ili anionyeshe alivyoupinda mguu. Bibi mmoja aliyekuwa anatusikiliza alisema jina la nne, la utani, akanyamaza, akaingia ndani.

Mashujaa wa vita ya Kagera wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka. Jina lake linaweza kuwa limechongwa kule, tena limeandikwa vizuri, na sisi tukalipita bila kujua kwamba ndiye, kama tulivyowapita Morkel na Thompson kwenye foleni. Jeshi lina daftari lake. Letu sisi, la kutuambia kwamba askari yule ndiye winga wetu, halipo.

Kamati ya Umoja imekubali kwamba mwaka huu, pamoja na magoli mapya na uzio wa kiwanja, sehemu ya michango yenu itanunua daftari kubwa la jalada gumu na kumlipa kijana mmoja nauli ya kuzunguka kwa wazee. Si fedha nyingi, nimeipitia hesabu mwenyewe. Safu zake ni hizi: jina kamili, jina la utani, jina la baba na la mama, mtaa, nafasi aliyocheza, mwaka aliojiunga na jeshi, na nani anayeyathibitisha hayo. Shahidi wawili kwa kila mstari. Vijana wetu waliokwenda kulinda amani nje ya nchi nao waandikwe, wakiwa hai na wazima, wasisubiriwe.

Mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza tumeuacha bila jina. Umejazwa nafasi tu: winga wa kushoto. Mwenye picha ya timu ya miaka ile, hata iliyoliwa na mchwa, aje nayo kwenye mkutano mkuu, au amkabidhi katibu kabla ya siku hiyo. Na yule bibi nitamfuata tena, asubuhi, nikiwa peke yangu, nimpe shikamoo kwanza na nikae chini.