Magofu Yasiyo Mawe: Kumbukumbu ya Vita kati ya Tiwi na Mwele

Mhakiki aliyelelewa na Al-Inkishafi huona gofu kuwa ni lazima liwe la mawe, kama kasri za Pate. Asafiripo kusini ya Likoni, akapita Waa na Tiwi hadi Gazi, mazoea hayo humpotosha.

Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliitawala Gazi, lakini nguvu zake zilikuwa Mwele, boma la miti lililofichwa na msitu upande wa bara. Lloyd Mathews alilizingira kwa niaba ya Sultani Barghash mwaka 1882. Tarehe 17 Agosti 1895 wanamaji wa Rawson waliliteka. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Miti huoza. Boma kama hilo halimwachii mtunzi ukuta wa kulilia, na pengine ndiyo sababu wahakiki wetu wamelipita kimya.

Jina Mwele lilirudi vitani Januari 1916, Meja Wavell alipouawa karibu na Mwele Mdogo akikiongoza kikosi chake cha Waarabu. Yeye alijengewa ukumbusho Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu. Wapagazi wa vita hivyo walipata sanamu ya pamoja ya mwaka 1927, isiyotaja jina la hata mmoja wao. Jiwe, basi, nalo lina upendeleo wake (jambo ambalo wasomaji wa magofu hawapendi kuambiwa).

Wadigo wanayo hifadhi ya namna nyingine. Kaya, kwa mujibu wa masimulizi ya Wamijikenda, zilikuwa makao yenye boma, yaliyozungushiwa msitu mnene kwa kuwahofia maadui. Watu walihama, msitu ukabaki, ukilindwa na miiko ya kutokata mti. Kaya Tiwi ni mojawapo. Kaya Kinondo, kusini yake, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008. Hapa hofu ya vita haisimuliwi tu: inatiiwa. Anayekataa kuokota ukuni ndani ya kaya anaitamka historia hiyo bila neno.

Tatizo letu ni la mbinu. Tunapokwenda uwandani tunarekodi masimulizi ya mzee, tukarudi na kanda chuoni, tukayaita matini. Mwiko hauingii katika kanda. Na kila ekari ya kaya inayouzwa kwa ajili ya hoteli hufuta ukurasa ambao hatukuwahi kuunukuu.