Utayari wa Wakulima Kutumia Simu Kutabiri Soko la Mazao

Utayari wa mkulima kutumia simu katika utabiri wa soko ni hali ya kukubali kupokea makadirio ya bei kwa simu na kuyafanya msingi wa uamuzi: apande nini, auze wapi, na ahifadhi mpaka lini. Utayari huu si sawa na kumiliki simu. Mkulima wa Songea au Sumbawanga anaweza kuwa anatuma na kupokea fedha kwa simu miaka yote, lakini asiitumie hata mara moja kuamua lini atoe mahindi ghalani.

Taarifa na utabiri

Taarifa ya bei hueleza gunia limeuzwa kiasi gani leo katika soko la Kibaigwa au Tandale. Utabiri hukadiria litauzwaje wiki au miezi ijayo, kwa kuangalia bei za misimu iliyopita, mvua, makisio ya mavuno na mahitaji ya nchi jirani. Taarifa huhakikiwa papo hapo kwa kumpigia ndugu aliyeko sokoni. Utabiri hauna shahidi ila wakati, kwa hiyo hudai imani kubwa zaidi.

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, bei ya mahindi kwa kawaida hushuka baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, kisha hupanda kuelekea msimu wa mvua. Mzunguko huo mkulima anaujua bila kuambiwa. Asichokijua ni kama mwaka huu bei itapanda kiasi cha kufidia gharama ya kusubiri, na hapo ndipo utabiri una thamani.

Misingi ya utayari

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kuwa watu huikubali teknolojia kwa kuzingatia mambo mawili: manufaa wanayoyatarajia na wepesi wa kuitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake walizingatia pia ushawishi wa jamii na mazingira wezeshi.

Kwa mkulima, wepesi ni huduma inayofanya kazi kwenye kitochi bila bando, kwa Kiswahili, na kwa sauti kwa asiyesoma. Ni pia kipimo anachokitambua: bei ya gunia la kilo 100 haimsaidii sana ikiwa mnunuzi wa kijijini anadai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ushawishi hutoka kwa viongozi wa chama cha ushirika, afisa ugani na jirani aliyewahi kufuata utabiri akapata faida au hasara.

Ushahidi

Utafiti wa Jenny Aker nchini Niger, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa simu zilipunguza tofauti za bei ya nafaka kati ya masoko kwa asilimia 10 hadi 16. Kinyume chake, Marcel Fafchamps na Bart Minten, katika utafiti wa mwaka 2012 kuhusu huduma ya ujumbe mfupi katika jimbo la Maharashtra, India, hawakuona ongezeko la maana katika bei waliyopata wakulima. Kujua bei hakumtoshi mkulima. Lazima awe na nafasi ya kuchagua.

Vikwazo

Aliyekopa mbolea kwa mfanyabiashara na kuahidi kulipa kwa mazao hana la kusubiri. Mwenye ada ya shule ya kulipa au ghala linaloshambuliwa na mdudu dumuzi huuza mapema hata akiamini bei itapanda. Sera nazo huvuruga makadirio: katazo la kuuza mahindi nje ya Tanzania mwaka 2017 lisingeweza kuonekana katika takwimu za mvua. Tena, maelfu wakipokea utabiri mmoja na kuhifadhi mazao hadi mwezi uleule, shehena zitafurika sokoni na bei iliyotabiriwa haitafikiwa.

Kukuza utayari

Kwa hiyo huduma ya utabiri hukubalika zaidi inapofungamana na uwezo wa kusubiri. Mifuko isiyopitisha hewa hulinda nafaka dhidi ya wadudu, nao mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria Tanzania mwaka 2005, unamwezesha mkulima kukopa kwa dhamana ya mazao yake yakiwa bado ghalani. Watoa huduma nao wanapaswa kutaja kiwango cha chini na cha juu cha bei inayotarajiwa badala ya tarakimu moja, na kueleza wazi makadirio yalipokosea. Kipimo sahihi cha utayari si idadi ya waliojisajili, bali ni ya wale waliobadilisha siku au mahali pa kuuzia kwa sababu ya utabiri waliopokea.